Nyumba ya udongo isiyomeza mtaji

Wafanyabiashara wa nafaka wanaopita njia ya Dodoma, Kondoa na Babati hadi Namanga wanalijua jambo hili. Mwenzao anapata msimu mzuri, ananunua kiwanja, anapandisha kuta hadi usawa wa madirisha, kisha fedha inakwisha. Msimu unaofuata hana mtaji wa kununulia mahindi Kibaigwa, nyumba haina paa, na kodi ya pango bado inamdai.

Katika nchi kavu kama Dodoma, ipo njia ya kujenga bila kuumaliza mtaji: ukuta mnene wa udongo, mchanga na majani makavu, unaopandishwa kwa mikono bila matofali na bila nguzo.

Udongo si mgeni huko. Wagogo waliishi kwa vizazi vingi katika tembe, nyumba yenye paa bapa la udongo. Lakini katika tembe, kama katika nyumba nyingi za miti na udongo, mzigo wa paa hubebwa na nguzo, na mchwa wakizila nyumba huinama. Ukuta mnene hauna nguzo za kuliwa. Husimama kwa unene wake wa sentimita 45 hadi 60. Unene huohuo huzuia joto la mchana lisiingie upesi, na usiku hauachi ndani kupoe ghafla.

Kazi huanza kwa kuupima udongo. Ule wa juu wenye mboji huondolewa. Wa chini hutiwa katika chupa ya maji, hutikiswa na kuachwa utulie: mchanga hushuka kwanza, mfinyanzi huchukua saa nyingi. Mchanganyiko unaofaa huwa na mchanga mwingi kuliko mfinyanzi, mara nyingi sehemu tatu au nne kwa moja. Vitofali vichache vya majaribio vitasema ukweli. Vikipasuka vinapokauka, mfinyanzi umezidi. Vikimomonyoka mkononi, umepungua.

Baada ya hapo udongo hulowekwa, hukanyagwa kwa miguu pamoja na majani makavu, kisha hupangwa juu ya msingi wa mawe. Kila tabaka, la sentimita 30 hadi 45, huachwa likauke na kushika kabla ya kuongezwa jingine. Anayeharakisha huona ukuta ukitumbukia kwa uzito wake wenyewe.

Hapo ndipo ujenzi huu unapomfaa msafiri. Mvua za Dodoma kwa kawaida hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo ujenzi huanza Mei au Juni, wakati mavuno yanaingia sokoni na malori yanapakia. Tabaka likiwa linakauka, mwenye nyumba anaweza kupeleka mzigo na kurudi na faida ya kulipa vibarua wa tabaka linalofuata. Ukuta humngoja bila riba.

Hata hivyo, udongo haufuti gharama zote. Bati, mbao, milango na madirisha hununuliwa, na penye ukame hata maji ya kukandia huweza kuwa ya kununua. Fedha iliyookolewa kwenye ukuta inafaa iende kwenye msingi na paa, kwa sababu adui wa nyumba hii ni maji. Msingi wa mawe uinuke walau sentimita 45 juu ya ardhi, na paa litokeze nje ya ukuta kiasi cha sentimita 60, ili mvua isipige ukuta wala matone kuruka na kuula chini.

Kosa linalorudiwa ni kupiga lipu ya saruji juu ya udongo. Saruji hupasuka, maji hupenya nyuma yake yasipate pa kutokea, na ukuta huoza ndani kwa ndani. Lipu ya udongo au chokaa huuacha upumue. Nyufa za ndani na za sakafuni nazo zisiachwe, kwani papasi, wanaoeneza homa ya papasi, hujificha humo.

Dodoma imo pia katika eneo la Bonde la Ufa, ambako ardhi hutikisika mara kwa mara. Nyumba iwe ya chini, ya ghorofa moja tu, yenye vyumba vidogo na madirisha yasiyokaribia pembe. Kabla ya kuchimba chochote, kibali cha ujenzi kiulizwe halmashauri, au kwenye kaunti kwa anayejenga ng'ambo ya Namanga, maana si kila mtaa wa mjini unaruhusu kuta za udongo.

Nyumba ikiisha, kila mwaka kabla ya mvua mwenyewe aizunguke na ndoo ya udongo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa hawakusema kwa mafumbo.