Je, Wajua? Baba wa Joram Kiango na wenzake

Je, wajua kwamba aliyemuumba Joram Kiango, mpelelezi aliyewakosesha usingizi wasomaji wa miaka ya 1980, alikuwa mwandishi, mhariri na mchapishaji kwa mpigo? Ben Rashid Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, alifanya kazi ya uandishi wa habari Dar es Salaam, na riwaya zake nyingi zikatoka chini ya Heko Publishers, kampuni yake mwenyewe. Hakungoja kubembeleza mlango wa mtu. Enzi hizo karatasi ilikuwa adimu, mashirika ya umma yalitanguliza vitabu vya shule, na wasomi wengi walizibeza riwaya pendwa, kana kwamba kitabu kinachosomwa mpaka usiku wa manane lazima kina kasoro. Mtobwa alifariki Novemba 2008, akiwa na umri wa miaka 50.

Ukitaka kupima anavyokumbukwa, usianzie maktaba. Inama kwenye vitabu vya mtumba vilivyotandazwa kando ya njia, Posta au Kariakoo, umuulizie. Muuzaji akiwa na kitabu chake, ole wako uonyeshe hamu: bei inapanda palepale. Nakala yenyewe imeshapita mikono mingi. Jalada limeshikizwa kwa selotepu, mmiliki wa kwanza ameandika jina lake kwa kalamu ya wino ukurasa wa ndani, na chini yake wa pili na wa tatu. Halafu unafunua nyuma unakuta kurasa za mwisho zimenyofoka. Kwa riwaya ya upelelezi, hiyo nayo ni jinai. Hapo inabidi utafute mtu aliyeisoma akumalizie, naye atakusimulia kuanzia mwanzo, upende usipende.

Je, wajua kwamba Joram aliwahi kutumwa kuwakabili Makaburu? Katika Tutarudi na Roho Zetu? anakwenda Afrika Kusini pamoja na mwenzake Nuru kukabiliana na silaha ya kutisha. Alama ya kuuliza ni sehemu ya jina la kitabu. Msomaji anatiwa wasiwasi tangu jaladani. Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, kwa hiyo kisa cha namna hiyo hakikuwa mbali na habari za redio za kila jioni.

Dar es Salaam Usiku ya mwaka 1990 haina Joram. Humo jiji lenyewe ndilo linalopelelezwa: Rukia anayeuza mwili, tajiri Peterson, na kibaka anayeitwa Hasara. Kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote alizoandika. Ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Nairobi mwaka 1999.

Mtobwa hakuwa wa kwanza kushika kalamu ya hadithi mkono mmoja na ya uhariri mkono wa pili. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, baba wa Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, alihariri magazeti ya Zanzibar kisha akawa mhariri msaidizi wa jarida la Mkulima. Fikiria: mchana mbolea na mbegu, usiku maiti na mizimu! Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi kabla ya kuchapishwa mwaka 1960, na Kisima cha Giningi ikafuata mwaka 1968. Giningi ni mji wa wachawi katika masimulizi ya Zanzibar. Bwana Msa huingia kwenye habari za namna hiyo na kuuliza maswali ya kawaida tu, mpaka mzimu unabaki hauna pa kujificha. Faraji Katalambulla, aliyetoa Simu ya Kifo mwaka 1965, naye alihariri Film Tanzania, jarida la hadithi za picha ambalo wahusika wake walipigwa picha halisi, wakiongea kwa maandishi.

Je, wajua kuhusu mwandishi Elvis Musiba? Mpelelezi wake Willy Gamba alianza kazi katika Kufa na Kupona, mwaka 1974, akifuatilia siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam na kupelekwa Nairobi. Musiba mwenyewe alikuja kuwa mwenyekiti wa TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, na alifariki mwaka 2010.