Msaada Unaogusa Ngozi: Kutoa Nguo na Vyombo kwa Wahitaji bila Kuhatarisha Afya

Kata ya Mwigobero, katika Manispaa ya Musoma, ipo kando ya Ziwa Victoria. Huko, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, nguo hupita katika mikono mingi kabla ya kuchakaa: mkubwa humwachia mdogo, jirani humpa jirani, na mitumba hununuliwa sokoni. Mwisho wa mwaka, au yanapotokea maafa, waumini, wanafunzi na vikundi vya akina mama hukusanya nguo, matandiko na vyombo kwa ajili ya wahitaji. Desturi hiyo ni njema na inafaa kuendelezwa. Lakini anayepokea msaada mara nyingi hana nafasi ya kuchagua wala kukataa; kwa hiyo usalama wa kitu anachopewa hutegemea uangalifu wa mtoaji.

Nguo ya pili ni kinga

Katika miaka ya 1990, Burundi ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa taifasi, homa inayoenezwa na chawa wa mwili, ambayo ni tofauti na taifodi, yaani homa ya matumbo. Makumi ya maelfu ya watu waliugua, wengi wao wakiwa wakimbizi wa ndani waliorundikana katika kambi za nyanda za juu zenye baridi. Chawa wa mwili huishi katika mishono ya nguo na huifikia ngozi ili kunyonya damu tu. Mtu mwenye nguo moja, anayelala nayo na kuamka nayo, huwatunza chawa hao bila kutaka. Akipata nguo nyingine safi, na ile ya kwanza ikafuliwa kwa maji ya moto, chawa hukosa makazi.

Uhitaji wa namna hiyo upo pia mkoani Mara. Shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania lina nyumba salama Butiama na Mugumu, zinazopokea wasichana wanaokimbia ukeketaji, kitendo kilichokatazwa kisheria dhidi ya watoto tangu mwaka 1998. Msichana anayetoroka nyumbani usiku hafungi sanduku. Kwake, gauni, kandambili, shuka na pedi ni mahitaji ya afya sawa na kidonda kinachohitaji kufungwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mama anayefika kujifungua akiwa na kitenge kimoja. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka. Anahitaji kukaushwa, kulazwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kisha kufunikwa kwa kitambaa kikavu na safi pamoja na kofia.

Kabla nguo haijatolewa

Hofu ya kuambukizwa kwa nguo isizidi kipimo. Upele, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2017 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, huenea zaidi kwa kugusana ngozi kwa muda mrefu. Mdudu wake akitoka mwilini kwa kawaida haishi zaidi ya siku 2 hadi 3. Hata hivyo nguo na shuka zilizotumiwa karibuni zinaweza kumbeba yeye, chawa au kunguni. Hatua nne zinatosha kwa nyumba nyingi.

Kwanza, nguo zifuliwe kwa sabuni na maji ya moto wa nyuzi 60. Sehemu moja ya maji yanayochemka ikichanganywa na sehemu moja ya maji ya kawaida hukaribia kiwango hicho. Pili, zisifuliwe ndani ya ziwa. Anayesimama majini kufua anaweza kupata kichocho, na sadaka haipaswi kumgharimu mtoaji afya yake. Tatu, zianikwe juani mpaka zikauke kabisa, kisha zipigwe pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Nne, nguo isiyostahimili moto ifungwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa wiki 2. Njia hii ya mwisho haifai kwa kunguni, kwa kuwa anaweza kuishi miezi kadhaa bila kula. Godoro lenye kunguni lisitolewe kamwe.

Vitu visivyofaa kutolewa

Nguo za ndani zitolewe mpya tu. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limekataza hata biashara ya nguo za ndani za mitumba. Madumu yaliyowahi kubeba viuatilifu au mafuta ya mitambo yasitolewe kwa maji ya kunywa, kwa kuwa kuyaosha hakuondoi sumu yote. Chupa za kunyonyeshea nazo ni hatari pasipo maji safi. Mama asaidiwe kunyonyesha, na inapobidi mtoto alishwe kwa kikombe.

Dawa zilizobaki nyumbani zirudishwe kwenye duka la dawa au kituo cha afya. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, inakataza kutoa dawa zilizokwisha kukabidhiwa mgonjwa. Miwani ya macho hutengenezwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Mwenye shida ya kuona apelekwe akapimwe. Kiti cha magurudumu kinaweza kutolewa, lakini mtaalamu akipime kwanza na mtumiaji wake, maana kisichomtosha kinaweza kumletea vidonda vya mgandamizo.

Nafasi ya mtumishi wa afya

Muuguzi wa wodi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na ofisa ustawi wa jamii ndio wanaojua nani amelazwa bila ndugu, nani amejifungua bila nguo za mtoto, na mzee yupi analala chini. Kikundi kinachokusanya misaada Mwigobero kingeanza kwa kuwauliza hao kinachohitajika, kabla ya kutafuta kilichojaa makabatini. Wao nao waandae orodha fupi, wapokee vitu mahali pamoja na kuvikagua, na wavitoe kwa faragha. Mgonjwa asipangwe mstari ili apigwe picha akishika shati alilopewa, na msichana wa nyumba salama asipigwe picha kabisa, kwa kuwa picha hiyo inaweza kuonyesha mahali alipojificha.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, wala si utajiri. Kwa anayepanga mzigo wa kutoa kuna kipimo chepesi: ajiulize kama angemvalisha mwanawe nguo ile leo, bila kuifua tena. Akisita, airudishe kwenye beseni. Na kama haifuliki tena, aifanye tambara la kudekia.