Mlinzi wa Kukodi

Visiwa vya Komoro vimekaa kwenye lango la kaskazini la Mlango-bahari wa Msumbiji, katika njia ya meli za mafuta ziendazo Rasi ya Tumaini Jema. Mazao yake ni karafuu, vanila na ilangilangi. Lakini kilichowavuta mabeberu ni mahali vilipo.

Desemba 1974, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walitaka uhuru. Ni kweli kwamba wengi wa Mayotte waliukataa. Ufaransa ikazihesabu kura kisiwa kimoja kimoja, ikabaki na Mayotte. Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, na Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaipokea ikiwa nchi ya visiwa vinne.

Mwezi haukutimia kabla Rais Ahmed Abdallah hajapinduliwa. Mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, aliyemsaidia Ali Soilih mwaka 1975, ndiye aliyerudi Mei 1978 kumpindua Soilih huyo huyo, akamrudisha Abdallah. Tangu hapo Walinzi wa Rais waliongozwa na mamluki na kulipwa mishahara na makaburu wa Afrika Kusini, ambao nao walipata kituo cha kuvikwepa vikwazo. Novemba 1989 Abdallah aliuawa ndani ya ikulu yake, Denard akiwapo. Mlinzi alipwaye na mgeni humlinda mgeni.

Gharama ya mambo hayo hailipwi na wakubwa. Tangu mwaka 1995, Mkomoro hawezi kwenda Mayotte bila viza. Kutoka Nzuwani ni kilomita zipatazo 70 tu, safari ambayo mababu waliifanya kwenda kuoa na kuzika. Sasa watu huivuka usiku kwa mashua zilizojazwa kupita kiasi, na wengi mno wamezama. Mwaka 2011 Mayotte ilifanywa mkoa kamili wa Ufaransa.

Sisi wa visiwani tunalo la kujifunza. Mgeni hupenya penye ufa, na ufa huanza pale kisiwa kimoja kinapojiona kimesahauliwa na kingine. Viongozi wetu hawana budi kuuziba kwa haki katika mgawanyo wa madaraka na mapato. Tena, kila mkataba wa ulinzi au bandari unapoletwa mezani, waulize kwanza: nani anamlipa mlinzi? Usipoziba ufa utajenga ukuta.