Mnemba Bila Mwenza wa Safari: Kweli au Si Kweli?

Kila likizo zikikaribia, watu wanaotaka kwenda kuzamia Zanzibar huuliza maswali yaleyale, na wanaosafiri peke yao huuliza zaidi. Baadhi ya hofu zao hazina msingi. Nyingine zina msingi lakini zimekosa pa kukaa: mtu hapati usingizi kwa kuwaza papa, halafu anazamia asubuhi na jioni anapanda ndege.

Ukisafiri peke yako, utazamia peke yako. Si kweli. Kwenye boti zinazotoka Nungwi, Kendwa au Matemwe kwenda kwenye mwamba wa kisiwa cha Mnemba, kila mzamiaji hupangiwa mwenza, na kundi zima huongozwa na mtu anayeujua mwamba. Kabla ya kuruka, wenza wawili hukaguana. Jaketi la kuelea linajaa na kutoa hewa? Mkanda wa vipande vya risasi unafunguka kwa mkono mmoja? Valvu ya mtungi imefunguliwa? Hapo kila mmoja huvuta pumzi kadhaa kwenye kipumulio chake huku akiitazama geji. Mshale ukishuka na kupanda kila anapovuta, mtungi haujafunguliwa sawasawa. Kila mtu pia hubeba kipumulio cha akiba, mara nyingi cha rangi ya manjano, kwa ajili ya mwenzake atakayeishiwa hewa.

Aliyekuja na rafiki ana wa kumsemea. Wewe huna, kwa hiyo jisemee mapema. Mweleze kiongozi mara ya mwisho ulizamia lini na ni kitu gani kinakutia wasiwasi. Ukipangiwa mwenza ambaye macho yake yote yako kwenye kamera, omba mwingine. Hilo si utovu wa adabu, kwa sababu hewa yako ya akiba iko kifuani mwake.

Ukishalipa, huna budi kuzama. Si kweli hata kidogo, na natamani kila msafiri wa peke yake alijue hili kabla ya kuvaa mapezi. Mzamiaji yeyote anaweza kughairi akiwa bado botini au akiwa tayari chini, na hadaiwi sababu. Dole gumba likielekezwa juu, maana yake tunapanda, na mwenza anafuata. Watu wengi huona haya mbele ya wageni, wakajikaza wasiitwe waoga. Mafua peke yake yanatosha kukuacha juu ya boti. Masikio husukumwa na maji tangu mita za mwanzo kabisa, na pua ikiziba huwezi kuyazibua. Dawa ya mafua nayo inaweza kuisha nguvu ukiwa bado chini.

Mtungi umejaa oksijeni. Si kweli. Ni hewa hii tunayovuta, imechujwa na kushindiliwa, na oksijeni ndani yake ni asilimia 21 hivi. Oksijeni tupu huanza kuwa hatari ukipita mita 6. Kanuni ya kwanza ya mzamiaji ni kutozuia pumzi. Ukiwa mita 10 chini, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, kwa hiyo pumzi iliyofungiwa mapafuni hapo hutaka kutanuka mara mbili ukipanda.

Lazima uwe mwogeleaji hodari. Nusu kweli. Kwa cheti cha kwanza, kinachokuruhusu kufika mita 18, kwa kawaida utaogelea mita 200 bila kuwekewa saa, kisha utaelea dakika 10. Asiye na cheti anaweza kujaribu mara moja akiwa na mwalimu, asipite mita 12. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au kifafa aanze kwa daktari. Mjamzito asizamie.

Bahari ya joto haina makali. Si kweli. Pwani yetu maji hufika nyuzi 29 au 30 mwezi wa Machi, na hushuka hadi kama 25 wakati wa kusi, mwezi wa Agosti. Maji hunyonya joto la mwili upesi mno kuliko hewa, ndiyo maana watu hutetemeka kwenye mzamo wa pili huku jua likiwaka. Suti ya milimita 3 hukinga baridi na michubuko ya matumbawe. Kwa mwanamke aliye peke yake ina faida nyingine: inamfunika tangu shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu.

Kitu cha kuogopa hasa ni mkondo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya kupwa na kujaa inakaribia mita 4, na maji yote hayo yana mahali pa kwenda. Maji mafu huwa mapole zaidi. Muulize nahodha kabla ya kuchagua siku, maana ameusoma mwezi tangu utotoni. Leven Bank, kaskazini mwa Nungwi, na mapito mengi ya Pemba ni ya wenye uzoefu. Mgeni wa fani hii ana mengi ya kuona kwenye mwamba wa mita 12: kasa, mikunga, pweza, makundi ya samaki wa manjano.

Papa watakushambulia. Papa waliobaki huku ni wachache, na mara nyingi hukimbia wanaposikia mapovu. Papa potwe, anayeonekana karibu na Kilindoni, Mafia, kuanzia Oktoba hadi Februari, hula vijidudu vinavyoelea. Hofia zaidi mashine ya boti iliyo juu ya kichwa chako.

Ni starehe ya wazungu. Si kweli. Viongozi na manahodha wengi ni vijana wa vijiji hivyohivyo. Waombe maelezo ya usalama kwa Kiswahili, na uulize bei ya wakazi kabla hujalipa.

Unaweza kuzamia siku ya kuondoka. Inategemea unaondokaje. Naitrojeni uliyovuta chini hubaki mwilini saa nyingi, na shinikizo la hewa likipungua ghafla inaweza kutoa viputo kwenye damu na viungo. Baada ya mzamo mmoja wa kawaida, subiri angalau saa 12 kabla ya kuruka. Baada ya mizamo kadhaa, subiri 18, na wengi hujiwekea 24. Boti ya kwenda Dar haina tatizo, kwani iko usawa wa bahari. Basi la kwenda Arusha au Nairobi linapanda zaidi ya mita 1,300, kwa hiyo nalo lisubiri. Basi weka Mnemba mwanzoni mwa likizo, na siku ya mwisho uitumie Mji Mkongwe au msitu wa Jozani. Kabla hujasafiri, isome bima yako: nyingi haziligusi suala la kuzamia, na matibabu ya viputo hivyo kwenye chumba cha mgandamizo ni ghali.