Kifaa cha Umeme Kinapokuwa Kibovu: Haki za Mnunuzi Mbulu na Hanang

Anayenunua redio, simu, televisheni au paneli ya sola katika duka la Katesh, Haydom au Mbulu mjini anaingia katika mkataba na mwenye duka, hata pasipo karatasi yoyote iliyotiwa saini. Mkataba huo ndio unaompa haki yake ya kwanza, si jina la kiwanda lililochapishwa kwenye boksi. Kifaa kikigoma kufanya kazi, wa kwanza kuwajibika ni aliyepokea fedha. Majibu ambayo wateja wengi hupewa, kwamba kosa ni la kiwanda na kiwanda kiko China, au kwamba mzigo ulitoka Kariakoo na huko ndiko pa kulalamika, hayana nguvu ya sheria. Muuzaji aliyeletewa mali mbovu ana haki yake dhidi ya mwagizaji, lakini hilo ni jambo lao wawili. Mkulima wa Dongobesh halimhusu.

Msingi wa haki hii ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo mizizi yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 iliyofika Tanganyika wakati wa utawala wa Mwingereza. Sheria hiyo inaweka ndani ya mauzo masharti ambayo hayahitaji kutamkwa. Bidhaa inayouzwa kwa maelezo ni lazima ilingane na maelezo hayo. Bidhaa inayouzwa kwa maelezo na mfanyabiashara wa vitu vya aina hiyo ni lazima pia iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Na pale mnunuzi anapomweleza muuzaji kazi anayoitaka, akategemea ujuzi wake katika kuchagua, kifaa kinapaswa kuiweza kazi hiyo. Sharti hili la mwisho husahauliwa sana, ilhali ndilo lenye faida kubwa kwa mtu asiyejua mambo ya umeme. Mfugaji akieleza dukani kwamba anataka mtambo wa kuwasha taa nne na televisheni mpaka usiku wa manane, akauziwa betri inayozimika saa mbili usiku, amepewa kitu kisichofaa kwa kazi aliyoitaja, hata kama betri yenyewe haina hitilafu yoyote.

Sola inastahili kuzungumzwa kwa kirefu. Kaya za Mbulu na Hanang zimetawanyika kwenye miteremko na mbuga, na ingawa miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini imesogeza nyaya karibu, nyumba nyingi bado huwashwa kwa jua. Hapo ndipo maelezo ya uongo yanapokula fedha za watu. Jua la utosini, mawingu yakiwa hayapo, hushusha takriban wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi hugeuza karibu moja ya tano tu ya nguvu hiyo kuwa umeme. Kwa hesabu hiyo, paneli ya wati 100 inahitaji eneo la karibu nusu mita ya mraba. Paneli yenye urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 40 haiwezi kupita wati 40 hivi, hata kibandiko cha nyuma kiandike 100 au 150. Mnunuzi mwenye futikamba anaweza kuupima uongo huo palepale dukani. Akigundua baada ya kufika nyumbani, kisheria ameuziwa kitu kisicholingana na maelezo yake, na anayo haki ya kudai fedha zake. Hali ni hiyohiyo kwa memori kadi iliyoandikwa GB 64 ambayo ndani ina GB chache tu na imechezewa ili simu isome namba isiyo ya kweli.

Sheria ya pili, na kwa mlaji wa leo ndiyo yenye meno zaidi, ni Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003. Ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, inayojulikana kwa kifupi kama FCC. Inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kuhadaa, na inatambua kwamba mwenye duka na mteja wake hawana nguvu sawa. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu sheria ya zamani iliwaruhusu muuzaji na mnunuzi kukubaliana kuyaondoa masharti yale yasiyotamkwa. Mlango huo ndio uliozaa maneno yanayoonekana ukutani na chini ya risiti nchi nzima: mali ikishauzwa hairudishwi. FCC imekuwa ikieleza kwamba maneno hayo hayamwondolei muuzaji wajibu wake pale bidhaa inapokuwa mbovu. Ni maneno yanayowaumiza zaidi wale wasiojua kwamba yanaweza kupingwa, kwani mteja huyasoma, akageuka na kurudi kijijini na hasara yake bila hata kufungua kinywa.

Haki hiyo ina mipaka yake. Mnunuzi aliyebadili mawazo tu, au aliyekuta televisheni ya bei nafuu zaidi duka la pili, hana madai. Akirudishiwa fedha ni kwa hisani ya muuzaji. Mnunuzi aliyekikagua kifaa kabla ya kulipa hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha, kama kioo chenye ufa. Simu iliyotumika nayo haipimwi kwa kipimo cha simu mpya. Anayeambiwa wazi kwamba betri imechoka, akakubali na kupunguziwa bei, amelipa kulingana na hali halisi.

Muda una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mnunuzi anaweza kukikataa kifaa na kudai bei yote aliyolipa mradi hajahesabika kuwa amekipokea. Kwa mujibu wa sheria, amekipokea akimwambia muuzaji hivyo, akikitumia kwa namna inayoonyesha kwamba ni mali yake moja kwa moja, au akikaa nacho kwa muda unaotosha kuamua bila kusema neno. Baada ya hapo haki haifi, ila inapungua: kinachobaki ni kudai fidia ya kasoro, na madai ya mkataba yanaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 6. Kwa hiyo kukaa na redio bovu miezi mitatu, kwa kusubiri safari nyingine ya mjini, ni kuitupa haki iliyo bora zaidi. Sheria haimlazimishi mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki kuirudisha mwenyewe hadi dukani. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa. Ujumbe wa simu unaotaja kifaa, tarehe ya kununua na kasoro yenyewe unatosha kuanza nao, na una faida ya kubaki kama ushahidi. Vilevile, anayeagiza kifaa kutoka Arusha au Dar es Salaam kikaletwa kwa basi hahesabiwi kuwa amekipokea kabla ya kupata nafasi ya kukikagua. Kusaini kwa kondakta kwamba boksi limefika si kukubali kilichomo.

Katika siku hizo za mwanzo kosa linalogharimu wengi ni kumpelekea fundi wa mtaani akifungue kifaa. Fundi anaweza kuwa hodari kuliko wote wa mjini, lakini kibandiko cha kiwanda kikishakatwa na skrubu zikishaguswa, muuzaji anapata hoja kwamba ubovu umeletwa na mikono ya mtu mwingine. Waranti nyingi huweka sharti hilo waziwazi. Waranti yenyewe ni ahadi ya nyongeza inayotolewa na kiwanda au muuzaji, kwa kawaida ya kutengeneza au kubadilisha kifaa ndani ya muda uliotajwa, na haifuti haki za msingi zilizoelezwa hapo juu. Duka lisilotoa waranti halijajiweka nje ya sheria. Kadi ya waranti isiyo na muhuri wa duka, tarehe na namba ya kifaa haina msaada mkubwa, kwa hiyo ijazwe kabla ya mteja kuondoka.

Muuzaji pia huweza kudai kwamba kifaa kimeunguzwa na umeme. Wakati mwingine ni kweli. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230, na unapopanda na kushuka, televisheni na friji huungua hata zikiwa zimetengenezwa vizuri. Hapo lawama haiko dukani, na aliyepata hasara kwa hitilafu ya njia ya umeme hupeleka malalamiko kwanza kwa shirika la umeme, TANESCO, kisha kwa mdhibiti wa huduma za nishati, EWURA, asiporidhika. Dalili husaidia kutenganisha mambo haya mawili: kifaa kimoja kikifa peke yake huku vingine vikiendelea kufanya kazi, shaka inarudi kwenye kifaa; vikiungua kadhaa kwa mpigo, au kwa majirani pia, shaka inaelekea kwenye nyaya. Saa na tarehe ya tukio ziandikwe mara moja, na taarifa itolewe siku hiyohiyo.

Simu zina historia yake. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizizima simu bandia zote mitandaoni, na watu wengi wakabaki na vifaa visivyopiga wala kupokea. Tangu hapo kubonyeza *#06# kabla ya kulipa kumekuwa kinga rahisi: tarakimu 15 zinazojitokeza ni namba ya utambulisho wa simu, na zinapaswa kufanana na zile za kwenye boksi. Bidhaa bandia kwa ujumla zinakatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo FCC ndiyo inayoisimamia. Mnunuzi wa simu feki kwa hiyo ana madai yake binafsi, na muuzaji anaweza pia kuwa ametenda kosa la jinai.

Yote haya husimama juu ya ushahidi, na ushahidi mkuu ni risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Sheria inamtaka muuzaji aitoe na inamtaka mnunuzi aidai. Karatasi yake huchapwa kwa joto, hivyo maandishi hufifia yakikaa juani au kwenye mfuko wa suruali; kuipiga picha siku hiyohiyo huokoa mambo. Ugumu uko mnadani. Wauzaji wa redio, tochi na sola huzunguka kutoka mnada hadi mnada, na mwezi unaofuata meza ya yule aliyeuza inaweza isionekane. Kulipa kwa simu husaidia hapo, maana ujumbe wa malipo hubaki na jina lililosajiliwa, namba, kiasi na saa. Kwa kifaa cha bei kubwa, duka lenye leseni ukutani ni salama zaidi hata likizidi bei kidogo.

Muuzaji akikataa katakata, ofisa biashara wa halmashauri ndiye aliye karibu, na kwa kuwa leseni za maduka hupitia ofisi yake, wito wake hausikilizwi kwa mzaha. Malalamiko ya udanganyifu au bidhaa bandia hupelekwa FCC, yenye ofisi ya kanda Arusha na yenye uwezo wa kuchunguza na kuamuru fidia. Kifaa kilicho hatari, kama chaja inayoyeyuka au waya unaowaka, huripotiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa sababu kinaweza kumuua mtu nyumba ya pili. Yasipopatikana maelewano, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya fedha yanayotokana na mkataba. Kesi huendeshwa kwa Kiswahili, na mdai anaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Anachopaswa kubeba ni kifaa chenyewe, boksi, risiti au ujumbe wa malipo, kadi ya waranti, na nakala ya taarifa aliyompelekea muuzaji.