Uchaguzi wa Breki za Baiskeli: Tufikirie Mzigo na Mteremko

Baiskeli ingali chombo kinachotegemewa na wakulima wengi kufikisha mazao kwenye ghala la chama cha msingi. Chama kinaponunua baiskeli za kuwakopesha wanachama, kamati hujadili bei, uimara wa fremu na ukubwa wa keria. Breki huulizwa mwisho, au haziulizwi kabisa. Makala haya yanaeleza aina za breki zilizomo madukani, na mambo yapasayo kufikiriwa kabla ya kukata shauri.

KAZI YA BREKI

Breki hupunguza mwendo kwa kuugeuza kuwa joto. Tuchukue mfano: mwendeshaji, baiskeli yake na gunia la kilo 60 huweza kufikia jumla ya kilo 150. Wakiteremka kimo cha mita 100, na ikiwa ni breki peke yake zinazozuia mwendo, joto litakalopatikana latosha kuchemsha karibu nusu lita ya maji. Joto hilo huingia katika mipira ya breki na rimu, au katika habu. Aidha, mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopaswa kumalizwa na breki huongezeka mara nne. Kwa hiyo breki iliyojaribiwa mbele ya duka, penye tambarare na keria ikiwa tupu, bado haijajaribiwa.

AINA ZA BREKI

Breki za fito. Hizi ndizo za baiskeli kubwa za inchi 28. Mkono wa breki huvuta fito za chuma, nazo huinua mipira miwili ikabana rimu kwa upande wa ndani, unaotazama habu. Faida yake ni uimara: fito haikatiki kwa urahisi, na gurudumu likiyumba kidogo breki huendelea kushika. Udhaifu wake ni viungo vingi vinavyolegea, na rimu ya chuma inayoteleza sana inapolowa. Ifahamike pia kwamba rimu ya breki hizi ina umbo lake. Asiyezitaka tena hawezi kufunga breki za kubana ubavuni bila kubadili rimu vilevile.

Breki za waya. Mikono miwili hubana rimu kutoka pande zote mbili mithili ya koleo. Zile zenye mikono mirefu, iliyofungwa moja kwa moja kwenye uma, zina nguvu kuliko zile ndogo zinazoning'inia juu ya tairi. Zikitumiwa pamoja na rimu za alumini hushika vizuri zaidi wakati wa mvua kuliko rimu za chuma. Hata hivyo gurudumu lazima liwe limenyooka, na waya ukaguliwe, kwani huanza kukatika uzi mmoja mmoja karibu na mkono wa breki.

Breki ya pedali. Mwendeshaji hukanyaga pedali kinyumenyume, na breki hushika ndani ya habu. Mvua na tope haviifikii. Lakini mnyororo ukikatika au ukitoka, breki hiyo haipo tena. Katika mteremko mrefu grisi iliyomo ndani ya habu huungua. Baiskeli ya mizigo isitegemee breki hii peke yake. Sharti iwe na breki ya mkono katika gurudumu la mbele.

Breki za diski. Bamba la chuma lililofungwa kwenye habu hubanwa na vibanio viwili. Tope la rimu halizidhuru, wala rimu iliyopinda haizizuii kushika. Zipo zinazovutwa kwa waya na zipo zinazosukumwa kwa mafuta. Za waya fundi wa kawaida aweza kuzirekebisha. Za mafuta zina nguvu, lakini kila moja hutaka mafuta ya aina yake. Yakitiwa mengine, mipira ya ndani huharibika. Fremu, uma na habu navyo lazima viwe vimetengenezwa kwa ajili ya diski.

TUCHAGUE IPI?

Kwa vyama vya tambarare, ambako safari ni ndefu lakini miteremko ni michache, breki za fito zingali zinafaa, maadamu vipuri vyake vinapatikana. Kwa vyama vya milimani, kama vile miteremko ya Kilimanjaro, Usambara na Rungwe, ni vema kuchagua breki za waya zenye mikono mirefu pamoja na rimu za alumini, mbele na nyuma. Diski za waya nazo zafaa, iwapo fundi wa karibu ana vibanio vya akiba. Diski za mafuta zisinunuliwe mahali ambapo hakuna fundi anayezifahamu.

Chama kikishaamua, kinunue aina moja kwa wanachama wote. Kwa njia hiyo duka la chama litaweza kuweka akiba ndogo ya waya na mipira itakayomfaa kila mmoja.

MATUNZO

Kabla ya kupakia mzigo, mwendeshaji abane breki zote mbili na kuisukuma baiskeli mbele, magurudumu yasizunguke. Mkono wa breki usifike kwenye usukani. Mpira ulioisha ubadilishwe kabla chuma hakijagusa rimu. Kikombe cha mpira chenye upande mmoja wazi kifungwe upande uliozibwa ukielekea mbele, la sivyo rimu itausukuma mpira nje. Mafuta ya mnyororo yasiguse rimu wala diski. Wakati wa mvua breki zibanwe kidogo mapema, ili maji yafutike kabla ya mteremko kuanza.

Breki ya mbele ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha baiskeli. Wako waendeshaji wanaoiondoa kwa kuogopa kupinduka. Anayefanya hivyo, kisha akateremka na gunia, amejinyima msaada mkubwa alio nao. Kamati zinaombwa kulieleza jambo hili katika mikutano ya wanachama kabla msimu wa mavuno haujaanza. Gunia likianguka laweza kuokotwa na kushonwa. Mkulima aliyeanguka nalo hana kipuri.