Kwa Nini Damu ya O Haitoshi

Kwenye kijitabu cha kliniki cha mama mjamzito, awe wa Ruiru au wa Thika, huandikwa kundi lake la damu. Wengi huuliza kama kundi hilo huleta maradhi. Huchangia kidogo: wenye A huelekea zaidi kugandiwa na damu mishipani, na wenye O wakipatwa na kipindupindu huzidiwa upesi. Hiyo ni mielekeo ya umma wa watu. Haimtabirii mtu mmoja chochote. Kwa malaria ndipo kundi la damu lina uzito zaidi.

A na B ni sukari zilizo juu ya chembe nyekundu za damu. Mwenye O hana yoyote kati ya hizo mbili. Kimelea cha malaria kali kikishaingia ndani ya chembe, chembe hiyo hujibandika kwa nyingine zilizo nzima, zikaungana fungu na kuziba mishipa myembamba, hata ya ubongo. Sukari za A na B huuimarisha mshikamano huo. Kwenye O huwa dhaifu. Watafiti walioonyesha jambo hili Mali mwaka 2007, na wenzao waliowachunguza watoto wa Kilifi, wanakubaliana: mtoto wa O huugua malaria kama wengine, ila si rahisi afikie hali mahututi. Yamkini ndiyo sababu mojawapo ya karibu nusu ya Wakenya kuwa O.

Kinga hiyo ina gharama wodini. Kingamwili za mwenye O hushambulia A na B, kwa hiyo yeye huongezewa O tu, ilhali chembe za O zikiwa hasi, yaani zisizo na alama ya Rh, zaweza kupewa karibu wote. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, au majeruhi akiletwa kutoka barabara kuu ya Thika bila kujulikana kundi lake, maabara hutoa O hasi, na wenye damu hiyo nchini ni wachache mno.

Wala haiwekwi akiba ya mwaka: chembe nyekundu hudumu siku 35 hivi kwenye jokofu. Wachangiaji wakubwa Kenya ni wanafunzi. Shule na vyuo vya Thika na Juja vikifungwa Desemba, wachangiaji huondoka wakati uleule magari yanapojaa barabarani. Ndiyo maana namsihi kila mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi, hasa wa O, achangie mwezi huo.